Miaka Aliyoongezewa Kilonzo

Kwa wiki tatu barua ya kiwandani ilikuwa imelala ndani ya kiatu cha Jumapili cha Kilonzo, na Kilonzo mwenyewe alikuwa akienda kanisani na makubazi. Mkewe, Kalunde, alimuuliza kulikoni, naye akajibu kwamba kiatu kinambana. Kalunde akasema kiatu cha miaka sita hakianzi kubana leo, lakini alikuwa na rundo la nguo za watu la kupiga pasi na makaa yalikuwa yameshika, akaliacha jambo hapo.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kulingana na kumbukumbu za kiwanda, Bwana Yohana Kilonzo Mulwa angetimiza miaka hamsini na mitano siku ya Ijumaa, tarehe nane Septemba, mwaka wa 2000, na kwamba siku hiyo ndiyo ingekuwa mwisho wa utumishi wake. Kisha ilimshukuru. Kilonzo aliisoma mara nyingi akitafuta mahali pa kushika, na kila mara aliishia kwenye lile neno la shukrani, ambalo lilimuudhi kuliko mengine yote. Tangu lini kiwanda cha misumari kikamshukuru mtu ambaye kesho yake bado kinamhitaji?

Hakumwambia mkewe. Si kwamba alitaka kumficha. Alikuwa akingoja siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri hazikuwa nyingi pale Athi River mwaka ule. Mvua zilikuwa zimegoma, unga ulikuwa umepanda, na stima ilikuwa ya mgao, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Mtoto wao wa mwisho, Musili, alikuwa kidato cha pili shule ya bweni, na kila likizo alirudi na orodha ndefu kuliko ya likizo iliyopita.

Jumatano jioni binti yao Peris, aliyekuwa akishona suruali za kuuzwa ng'ambo katika kiwanda kimoja cha EPZ, aliingia na tabasamu ambalo lilikuwa limemshinda kulificha.

"Baba, Ijumaa hakuna stima huku kwetu kutwa nzima. Sisi tumeambiwa tusikuje. Nyinyi je?"

"Hata sisi."

"Basi Ijumaa tunakupeleka Machakos. Ni bathdei yako! Nilikuwa najaza fomu ya hospitali pale kazini, wakataka nakala ya kitambulisho yako, ndio nikaona tarehe. Yaani miaka hii yote hatujawahi kukuimbia hata wimbo moja."

Kalunde aliangua kicheko. "Bathdei ya mtu mzima? Sisi tulizaliwa, basi. Hakuna mtu alituimbia."

"Sasa tutawaimbia. Nimeshaweka pesa kando, Mama, usianze. Kila siku ni Machakos yetu, Machakos yetu, na hajawahi kutupeleka hata kutuonyesha nyumba alikulia."

Peris alikuwa amejiandaa kubishana. Alishangaa baba yake alipokubali mara moja, tena akauliza wataondoka saa ngapi. Alidhani amemgusa moyo. Alikuwa amemgusa kweli, maana Kilonzo alilazimika kutoka nje akajifanya anatafuta jiko. Lakini lililomfanya akubali upesi vile ni ofisi ya misheni ya Machakos, ambayo haifunguliwi Jumamosi wala Jumapili, na ndani yake, kama panya walikuwa na huruma, kulikuwa na kitabu chenye jina lake.

Juma lililopita alikuwa amekwenda kwa Muigai, afisa wa wafanyakazi, kijana wa miaka thelathini aliyevaa tai hata siku za joto.

"Hiyo mwaka si yangu," Kilonzo alimwambia. "Mimi nilizaliwa nyuma ya hapo. Yaani mbele. Mimi ni mdogo."

Muigai alitazama kichwa cheupe kilichokuwa mbele yake, akauma mdomo asicheke.

"Mzee, mimi sina shida na wewe. Lakini kitambulisho ni kitambulisho. Niletee cheti cha ubatizo. Halafu uniletee kiapo cha kueleza hiyo tofauti imetoka wapi. Ukinifikia Jumatatu asubuhi, kabla mkubwa hajaweka sahihi, nitaona vile nitakusaidia."

Kisha akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Kilonzo alitoka pale akiwa na matumaini, kwa sababu ya chai.

* * *

Alikuwa amezoea kuusimulia mji wa Machakos hivi kwamba alidhani bado anaujua. Waliposhuka stendi saa tatu u nusu Ijumaa, aliongoza njia, mikono nyuma, Kalunde na Peris wakimfuata, na baada ya dakika ishirini wakajikuta tena stendi. Vilima vilikuwa pale pale alipoviacha, Iveti huku na Kiima Kimwe kule, lakini katikati watu walikuwa wamejenga bila kumuuliza.

"Baba, tuulize?"

"Niulize njia ya kwetu?"

Mwishowe aliuliza, kwa sauti ya chini, huku akijifanya anatazama viatu vya fundi mmoja wa kando ya barabara.

"Nyumba za kaunsili?" fundi akajibu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Si hizo ziko nyuma yako, mzee."

Zilikuwa safu nne za mawe, kila mlango chumba kimoja, bafu na choo mwisho wa safu. Baba yake Kilonzo alikuwa mfagiaji wa mji, na mji ulimpa namba kumi na nne. Nje ya namba kumi na nne mwanamke mmoja alikuwa akifua. Alipoona wazee wawili waliovaa vizuri na msichana mwenye kamera, alisimama, akajifuta mikono kwa leso, na uso wake ukafunga.

"Kama mmetumwa na kaunsili, bwana yangu hayuko."

"Hatujatumwa, mama," Kilonzo akasema. "Mimi nilikaa hapa zamani. Hii ndiyo ilikuwa nyumba yetu."

"Yenu aje?" Sauti ya mwanamke ilipanda, na vichwa vikaanza kuchungulia safu nzima. "Tumekaa hapa miaka kumi na moja! Mama Shiku, kuja usikie huyu mzee! Ati nyumba ni yao!"

Ikabidi Kilonzo, siku yake ya kuzaliwa, akiwa amevaa koti la arusi za watu, awaelezee wanawake watano kwamba hataki nyumba. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumwangalia. Mmoja alitaka kujua kama ana barua. Mwingine alisema wanaokuja kupokonya watu nyumba siku hizi huja hivyo hivyo, kwa upole, na watoto wao. Ni Peris aliyewaokoa.

"Jamani, ni bathdei yake tu. Tunataka picha."

Mwenye nyumba, aliyeitwa Wangechi, alicheka hadi akaegemea ukuta. "Bathdei! Ngai! Na vile nimeogopa!" Alikuwa muuza mboga sokoni, mtu wa Murang'a aliyemfuata mume Machakos, na sasa alipojua hafukuzwi alikuwa na maneno mengi. "Mlikuwa wangapi hapa ndani?"

"Saba, pamoja na wazazi."

"Sisi ni sita." Hapo alimtazama Kilonzo vizuri kwa mara ya kwanza. "Mlilala wapi?"

"Wengine chini ya kitanda."

"Hata wangu," akasema Wangechi.

Lakini picha ya ndani alikataa; kitanda hakikuwa kimetandikwa. Wakapigwa nje, kati ya beseni na kamba ya nguo, na shuka moja ikawa inamdondokea Kilonzo begani muda wote Peris akihesabu moja, mbili, tatu. Kilonzo alikuwa amedhani kwamba akifika mlango ule kifua kitamjaa. Hakikujaa. Alichokuwa akisikia ni saa ya mkononi, kwa kuwa ofisi ya misheni hufungwa saa sita u nusu na ilikuwa imeshapita saa tano.

"Nafika mahali kidogo," alimwambia mkewe. "Kumsalimia mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa zamani."

"Mwanaume ama mwanamke?"

"Mama!" Peris akacheka.

"Ni mzee wa kanisa."

"Huyo mzee wa kanisa amekufanya unyoe ndevu mara mbili leo," Kalunde akasema. "Haya, enda. Saa nane uwe hotelini, usitutie aibu mbele ya mtoto."

* * *

Karani wa misheni alikuwa msichana anayeitwa Katunge. Alimkaribisha kiti, akaandika jina lake, kisha akamuuliza alibatizwa mwaka gani.

"Sijui. Nilikuwa mtoto."

"Ulizaliwa mwaka gani?"

"Hiyo ndiyo nimekuja kukuuliza wewe."

Katunge aliweka kalamu chini. "Sasa, mzee, vitabu ziko kumi na saba hapo kwa kabati. Nianzie wapi?"

Kilonzo alikuna kichwa. Kisha akasema yale ambayo mama yake alikuwa akisema kila alipoulizwa. "Mwaka wa njaa ya makonge. Watu wakiponda makonge wapate kamba za kuuza. Mama yangu alinizaa katikati ya hiyo kazi."

Uso wa Katunge ulifunguka. "Hiyo ya makonge susu, bibi yangu, huitaja kila siku! Hiyo ni hamsini, hamsini na moja." Akainuka na kurudi na vitabu viwili.

Ndivyo watu wa Ukambani wa umri ule walivyoihifadhi miaka yao, na hakuna aliyeona ni ajabu. Kila njaa ilikuwa na jina, na mtoto alifungwa kwenye njaa yake. Taabu ilikuwa moja tu: njaa zilikuwa nyingi, na mtu mwenye shida angeweza kuchagua. Mwaka wa 1967 baba yake Kilonzo alipofariki, Kilonzo alikuwa na wadogo wanne nyuma yake na kaunsili ilikuwa inataka chumba chake. Kiwanda cha misumari kilikuwa kikiandika watu, lakini kilitaka watu wazima, miaka ishirini kwenda juu, kwa sababu ya mashine. Kilonzo alikuwa na kumi na sita, ila alikuwa mrefu. Wanza, mama yake, alimshika mkono hadi kwa karani wa vitambulisho. Karani alimwambia kijana ainue mikono, akamtazama kwapa, akaonekana kusitasita. Akamgeukia mama: huyu ni wa njaa gani?

"Ya muvunga," Wanza alijibu, bila kupepesa. Ile njaa ya mchele wa serikali, ya miaka mitano nyuma zaidi. Karani akaandika 1945. Na tarehe je? Hakukuwa na tarehe, kwa hiyo miaka mingi baadaye, vitambulisho vipya vilipokuja, karani mwingine alimwandikia tarehe ya siku ile ile aliyopanga foleni. Nane Septemba ndiyo ilikuwa siku ya foleni.

Katunge alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Mara akasimama.

"Kilonzo. Baba, Mulwa, mfagiaji. Mama, Wanza. Kuzaliwa, Novemba 1950." Alimgeuzia kitabu. "Ni wewe?"

Ulikuwa mwandiko wa padre fulani wa zamani, wino wa buluu uliogeuka kahawia. Kilonzo hakuwahi kuona jina la mama yake limeandikwa popote. Wanza hakujua kusoma, hakuwa na kitambulisho, na kaburini walimwekea msalaba wa mbao usio na maneno. Na kumbe muda wote alikuwamo humu. Kilonzo aliweka juu ya jina hilo kidole ambacho mashine ilikuwa imekikata ncha, na hakutaka kukitoa.

"Yaani hujafikisha hata hamsini!" Katunge alisema. "Wewe ni kijana, mzee!"

Kilonzo alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe, kilikuwa hakijamtembelea kwa wiki tatu. Alilipa shilingi hamsini, akapigiwa muhuri, akatoka nje akitembea kwa mwendo ambao Kalunde angeukumbuka tangu mwaka waliooana. Miaka mitano! Alikuwa amerudishiwa miaka mitano mizima. Musili angemaliza shule. Angemaliza hata chuo, akitaka. Njiani alisalimia watu asiowajua.

* * *

Mbele ya mahakama, kwenye baraza la duka la vitabu, walikaa wapiga chapa watatu na mashine zao. Wengi wa wateja wao walikuwa watu wenye kesi za mashamba. Kilonzo alimchagua mwanamke mnene aliyevaa miwani yenye kamba, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na kiti cha pili. Aliitwa Wacuka. Alikuwa amepiga viapo pale miaka ishirini, na alimsikiliza Kilonzo huku akila ndizi, bila kuharakisha ndizi wala habari.

"Karatasi ziko wapi?"

Kilonzo akampa bahasha yote: cheti kipya, barua ya kiwanda, na fomu ya zamani ya kuandikwa kazi, ambayo aliitunza tangu ujana kwa kuwa ndiyo karatasi ya kwanza aliyowahi kuiwekea sahihi. Wacuka alisoma cheti. Akasoma barua. Fomu aliisoma kwa muda mrefu, hata akaacha kutafuna.

"Hapa chini uliandika wewe?"

"Ni mimi."

"Na umri, hii ishirini na mbili, ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Umewahi kusoma hii mistari ndogo?"

Ilikuwa kwa Kiingereza, na Kilonzo hakuwahi. Wacuka akamsomea kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayempimia mwingine dawa. Mfanyakazi akigundulika alitoa habari za uongo ili kupata kazi, ataachishwa bila notisi na bila malipo yoyote ya utumishi.

"Lakini hiyo ilikuwa zamani," Kilonzo akasema.

"Karatasi haijui zamani." Wacuka alivua miwani. "Sikiza, mzee. Leo ukienda nyumbani na hiyo hamsini na tano yenu, wanakulipa malipo ya kustaafu. Miaka thelathini na tatu si mchezo. Lakini nikikupigia hii kiapo, ni wewe mwenyewe unawaambia, kwa sahihi yako, mbele ya hakimu, kwamba uliwadanganya. Watakubakisha kazini kama ni watu wazuri. Kama si wazuri, watakufukuza mkono mtupu, na huwezi kwenda kwa mtu yeyote kulia."

"Si unaweza kuandika ni karani alikosea?"

"Naweza. Mimi naandika kila kitu. Watakuuliza ulinyamaza miaka thelathini na tatu kwa nini." Akaokota ganda la ndizi, akalitia ndoo. "Na kama si karani, lazima niandike ni nani alidanganya umri. Wewe ulikuwa mtoto. Ni nani alisema?"

Kilonzo alianza kuzipanga upya karatasi zake.

"Ni mama yako?"

"Ameshakufa."

"Wakifa ndio rahisi. Namweka tu jina."

Kilonzo alitazama cheti, pale lilipokuwa jina la Wanza, lililoandikwa upya kwa mwandiko mzuri wa Katunge. Karatasi mbili tu duniani zilikuwa na jina la mama yake, na moja ilikuwa haijatimiza hata saa moja. Sasa ya tatu ingemwita mwongo. Moyo ulimuuma kuliko alivyotazamia. Mama yule alikuwa ameongopa mara moja ili watu sita wale.

"Huyu alikuambia ulete kiapo," Wacuka akauliza, "ni rafiki yako ama ni adui yako?"

Kilonzo aliikumbuka ile chai. Aliikumbuka vizuri, sukari na yote, na hakuweza kupata jibu ndani yake. Labda Muigai alikuwa kijana mwema asiyesoma mistari midogo. Labda alikuwa ameisoma yote.

"Sijui," alisema.

"Nimepigia wanaume watatu viapo kama hii. Wawili walifukuzwa. Mmoja bado ako na kesi." Wacuka hakumwonea huruma usoni, na Kilonzo alimshukuru kwa hilo. "Enda ukafikirie. Hakimu anaweka sahihi mpaka saa tisa, baada ya hapo mimi nafunga mashine. Pesa yako weka, sijaandika kitu."

* * *

Peris alikuwa amechagua hoteli karibu na soko, iliyokuwa na viti vya plastiki na maua ya karatasi. Muthokoi ya mahindi na maharagwe, nyama ya mbuzi, soda. Kalunde alitaka kujua mzee wa kanisa anaendeleaje, na Kilonzo akasema ni mzima. Alikula kidogo. Mkewe alimwongezea nyama bila kuuliza, halafu akamwambia mtu akila hivyo siku yake ya kuzaliwa atadhaniwa ni mazishi.

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha Peris. Saa nane na robo. Kilonzo alijaribu kupiga hesabu, ila hesabu ilikuwa haitaki kutulia. Upande mmoja miaka mitano ya mshahara, ambayo huenda asipewe hata siku moja, upande mwingine malipo ya kustaafu, ambayo yangembeba Musili hadi mwisho wa kidato cha nne kama hakuna mgonjwa na kama mahindi yatashuka. Baada ya hapo, hakuna. Nani humwandika kazi mzee wa mashine asiye na ncha ya kidole? Alitamani mtu mwingine aamue. Alitamani kumwambia Kalunde pale pale, mbele ya mifupa, lakini Peris alikuwa akimweleza mama yake jinsi alivyoificha pesa ya siku ile kwenye soksi tangu Juni, kidogo kidogo, na namna msimamizi wao alivyomkata siku mbili kwa sababu ya stima naye akakataa kugusa soksi.

Saa nane na nusu. Kutoka pale hadi kwa Wacuka ilikuwa dakika kumi kwa miguu yake. Alisogeza kiti nyuma. Akalisogeza tena mbele. Alikuwa amechoka, na uchovu huo haukuwa wa leo. Ulikuwa wa miaka yote ya kusimama mbele ya mashine akiwa na umri wa mtu mwingine, tangu siku alipokuwa na kumi na sita na wenzake wakamwambia mzee mzima analia nini.

Keki yenye mishumaa iliingia kutoka jikoni. Mwenye hoteli aliibeba mwenyewe, na mhudumu nyuma yake akaanza wimbo, na wateja, ambao hawakuwa na neno na mtu, wakadakia. Wakaimba kwa Kiingereza, halafu mama mmoja wa sokoni akaanzisha wa Kikamba wa kumsifu Mungu, na hoteli nzima ikapiga makofi. Peris alikuwa analia na kupiga picha kwa wakati mmoja. Kalunde, aliyesema bathdei si ya mtu mzima, alikuwa amesimama akicheza mabega.

"Sema kitu, Baba! Waambie umefika miaka ngapi!"

Nyuso zote zikamgeukia. Zilikuwa dakika ishirini kabla ya saa tisa, na mlango ulikuwa wazi upande wake wa kulia, mtu angeweza kusema anakwenda kunawa. Kilonzo aliutazama mlango. Akamtazama binti yake aliyekuwa amemwelekezea kamera, akimngoja.

"Hamsini na tano," alisema.

Wakashangilia. Mzee mmoja wa meza ya pili aliinuka, akaja kumshika mkono kwa mikono miwili. "Hongera, mwenzangu. Mimi nilifika mwaka juzi. Sasa ni kupumzika tu." Kilonzo akamshukuru. Akakata keki, akamlisha mkewe kipande kama alivyoambiwa, akamlisha binti yake, na saa ikapita tisa akiwa na mkono wenye sukari.

"Filamu nitapeleka isafishwe kesho," Peris alisema walipotulia. "Jumatatu saa ya lanchi nakuletea picha kazini, uonyeshe wenzako."

"Niletee nyumbani. Jumatatu nitakuwa nyumbani."

"Wamekupa ofu, usiende kazi? Ya bathdei? Aiya! Hao watu wako wako na roho nzuri. Sisi hata ukizaa wanakuuliza utarudi saa ngapi!"

Kalunde naye alicheka, mdomo umejaa keki, akasema kumbe kiwanda kile kimekumbuka ni binadamu. Akamgeukia mumewe ili acheke naye. Akamtazama. Kicheko chake kikaisha kabla ya kile cha binti yake.

"Ofu ya siku ngapi?" aliuliza.

Kilonzo alijifuta vidole, kimoja kimoja.

"Zote," akasema.